Msumari wa Jikoni na Joto la Dunia

Kabla hujaanza kuitafuta kwenye ramani nikuokolee muda: nchi yetu haipo. Inaitwa Tutaliangalia. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na tisa, ina mawaziri wengi kuliko madaraja, lakini haipo. Kwa hiyo ukiona humu kitu kinachofanana na kwenu, ni macho yako tu. Kapimwe.

Mambo yalianza siku Rais wetu Mtukufu aliporudi kutoka kwenye mkutano wa dunia. Alikaa huko siku kumi na mbili pamoja na wasaidizi tisini, na siku ya mwisho mkubwa mmoja wa huko alisimama akasema, "Matatizo ya dunia ni ya kila mtu." Marais wengine walipiga makofi wakaenda kula. Wa kwetu akaandika kwenye karatasi. Hiyo ndiyo shida ya Rais wetu: anasikiliza.

Aliposhuka kwenye ndege alikataa hata maua. Akaomba kipaza sauti.

"Wananchi wenzangu," alisema, "dunia ina matatizo. Na matatizo hayo, nimethibitishiwa na wataalamu, ni ya kila mtu. Sasa najiuliza. Kama ni ya kila mtu, ya kwetu sisi yako wapi? Nani ameyakalia? Kwa nini mwananchi wa kawaida mpaka leo hajapata tatizo lake mkononi? Serikali yangu haitavumilia ubaguzi huo! Kufikia mwisho wa mwezi kila kaya itakuwa na tatizo lake la dunia, lenye namba, lenye hati, na lenye picha yangu!"

Tukapiga makofi. Usinicheke, hata wewe ungepiga. Pale uwanjani kulikuwa na watu walioajiriwa kuangalia nani hapigi.

Wiki hiyo hiyo ikaundwa Wizara ya Ugawaji wa Matatizo. Ikapewa jengo la ghorofa nane lenye viyoyozi kila chumba, maana huwezi kugawa matatizo ya dunia huku unatoka jasho.

*

Mtaani kwetu, Mtaa wa Kokoto, mgawaji alikuwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Mkumbukwa. Huyu ni mzee mwembamba, mpole, ambaye muhuri wa Serikali anautunza kwenye mfuko wa shati, umefungwa kwenye leso kama jino la dhahabu. Hajawahi maishani mwake kubishana na karatasi. Ukimpa karatasi inayosema leo ni Alhamisi, atakwenda kazini Alhamisi hata kama watu wote wanatoka kuswali Ijumaa.

Alikuja asubuhi na kapu la vikaratasi. Mama yangu alikuwa jikoni anakaanga vitumbua vya kuuza, mikono imejaa unga wa mchele, akaniambia nikavute mimi.

"Vuta, msomi," akasema Mzee Mkumbukwa. Ananiita msomi kwa sababu nilimaliza kidato cha nne. Matokeo hajaniuliza, na mimi sijajipendekeza kumwambia.

Nikavuta. Mkono wangu huu huu. Nikafungua, nikasoma kwa sauti: "Joto la Dunia."

"Lote?" Mama akauliza kutoka jikoni.

"Ni sehemu yenu tu, Mama Mwanahawa. Lakini mkilitunza vizuri wanaweza kuwaongezea."

Jirani yetu Mama Sikudhani, muuza dagaa, alipata Kutoweka kwa Nyuki, akaapa kwa jina la marehemu mumewe kwamba hajamgusa nyuki hata mmoja. Kinyozi wetu Mzee Ngwali alipata Mfumuko wa Bei. Kuanzia siku hiyo kila akinyoa mtu lazima aandike bei yake ubaoni na chini yake aandike pole.

Sisi tulipewa vitu vitatu: hati, kibao cha mlangoni kinachosema HAPA LINATUNZWA JOTO LA DUNIA, TAFADHALI BISHA HODI, na kipimajoto. Waraka ulisema kipimajoto "kitundikwe ukutani kwenye msumari imara." Sasa nyumba yetu ina msumari mmoja tu. Uko jikoni, juu kidogo ya jiko la mkaa, na ndipo Mama hutundika chujio la nazi. Mzee Mkumbukwa akaondoa chujio, akatundika kipimajoto, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa upande kama mtu anayetundika picha ya harusi. Kisha akasoma.

"Nyuzi hamsini na moja!" akasema, akashika kifua. "Kumbe hali imefikia huku!"

"Mzee, hilo ni jiko langu," Mama akamwambia. "Hapo chini kuna kikaango."

"Mama Mwanahawa, mimi sichanganyi mambo ya jiko na mambo ya dunia. Waraka unasema ukutani. Huu si ukuta?"

"Ni ukuta."

"Msumari si imara?"

"Ni imara."

"Basi," akasema, akaandika hamsini na moja, akapuliza muhuri wake, haaa, akagonga.

*

Hivyo ndivyo jiko la mama yangu lilivyokuwa kituo cha taifa cha hali ya hewa.

Kila siku Mzee Mkumbukwa alikuja mara tatu kusoma, na namba zikaenda wizarani. Ndani ya wiki mbili redio ya taifa ikatangaza kwamba wataalamu wamegundua jambo la kushangaza: joto la nchi hupanda ghafla saa kumi na mbili asubuhi, hutulia saa tatu, hupanda tena mchana wakati wa maharage, na Ijumaa hufikia kiwango cha hatari. Chanzo bado kinachunguzwa. Wananchi wasiwe na hofu.

Ijumaa ndiyo siku Mama anapika pilau.

Majirani nao hawakuchelewa. Hati si imeandikwa joto ni letu? Mama Sikudhani akabisha hodi mchana mmoja, kanga kiunoni.

"Jirani yangu, nisaidie jua mpaka saa kumi tu. Dagaa wangu bado wana unyevu."

Kabla hajaondoka, huyu hapa Mzee Ngwali na taulo shingoni. "Mama Mwanahawa, punguzeni bwana! Wateja wanatoka jasho, wembe unateleza. Jana nimeondoka na nyusi ya mtu."

Siku za kwanza Mama aliwaeleza kwamba jua hatulimiliki. Baadaye akachoka. Akawa anafuta mikono kwenye kanga, anawatazama kwa upole, anasema, "Nimelipokea, nitalifanyia kazi." Wakaondoka wameridhika kabisa. Nikajua nchi hii mtu yeyote anaweza kuitawala.

Nisikudanganye lakini, mwaka ule kulikuwa na joto kweli. Mvua za vuli zilikuja siku mbili, kama mgeni aliyesahau miwani, zikaondoka. Kisima cha mtaa kilishuka mpaka ndoo inagonga tope. Mchele wa vitumbua ulipanda bei mara tatu, kwa sababu mashamba yaliungua na kwa sababu kuna watu wanapigana mbali huko baharini meli zinakopita. Ila mambo hayo hayakuwa kwenye kipimajoto, kwa hiyo hayakuwepo.

*

Sasa nije kwa dada yangu.

Mwanahawa alikuwa aolewe Jumamosi ya mwisho ya mwezi na Kheri, mwalimu wa hesabu wa mtaa wa pili. Wamesubiriana miaka mitatu. Kheri alikuwa amehamishiwa shule ya mbali, mwisho kabisa wa nchi, aripoti Jumatatu inayofuata, na likizo ya kwanza ni baada ya mwaka na nusu. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi hiyo, au dada yangu akae mwaka na nusu anasubiri simu zenye mtandao wa kukatikakatika.

Tatizo ni kwamba nyumba ya akina Kheri ilivuta Vita vya Ng'ambo.

Wazazi wake, watu waliokaa kwenye ndoa miaka thelathini bila kelele, waliamriwa kufanya mazungumzo ya amani kila siku saa kumi jioni. Wakapewa meza ndefu, jagi la maji, na vibendera viwili. Siku ya kwanza walikaa wakatazamana, hawana la kusema. Siku ya pili baba akakumbuka kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa mama alimpa shemeji yake paja la kuku lililokuwa lake. Siku ya tatu mama akawasilisha orodha. Kufikia wiki ya pili walikuwa wanawasiliana kwa barua kupitia kwa Kheri.

Kisha ukaja waraka: kaya zenye matatizo tofauti haziruhusiwi kuoana mpaka Wizara ijiridhishe kwamba matatizo hayo yakikutana hayataleta tatizo la tatu.

Mwanahawa aliusoma mara mbili akaukunja. "Twende huko huko," akaniambia. "Wewe ndiye uliyevuta, wewe utanisindikiza."

*

Wizarani tulipokelewa na Bwana Pantaleo, Mkurugenzi Msaidizi Mwandamizi wa Mahusiano baina ya Matatizo. Nje watu walikuwa wanajipepea kwa madaftari. Yeye alikuwa amevaa koti zito na skafu, na pua inamtoka mafua ya kiyoyozi.

"Keti, binti," akasema. "Wewe ni Joto?"

"Mimi ni Mwanahawa."

"Kwenye faili ni Joto. Na unataka kuolewa na Vita."

"Nataka kuolewa na Kheri."

Bwana Pantaleo akavua miwani, kwa sura ya mtu anayempenda mwananchi ila mwananchi haelewi. "Binti yangu, hebu fikiri kitaifa. Ukilichukua Joto ukalilaza nyumba moja na Vita, unajua kitakachozaliwa?"

"Mtoto," akasema Mwanahawa.

"Mtoto wa tatizo gani? Eh? Hatuna fomu yake!" Akafungua droo kutuonyesha kwamba kweli haimo. "Tathmini inachukua miezi kumi na minane. Nendeni kwa amani."

"Bwana mkubwa, mwenzangu anaondoka Jumapili."

"Hata dunia inaondoka, binti, polepole. Hatuna haraka." Akanitazama mimi. "Na wewe kijana, mkiwaza kufanya mambo kienyeji, Jumamosi nitakuja mwenyewe na hati ya kusimamisha. Chukua Sheria hii mkasome, msije mkasema hamkuelimishwa."

Akanipa kitabu cha kurasa mia mbili na kumi. Hapo ndipo alipokosea. Kwenye nchi yetu sheria hutolewa kwa watu wenye kazi za kufanya, ndiyo maana hakuna anayeisoma. Mimi sina kazi.

Tulipofika kwenye kona ya kinyozi Mwanahawa akasimama, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema, "Ningeelewa kama Kheri angesema hanitaki. Lakini kuachwa kwa sababu ya kipimajoto?"

Nilisoma siku mbili. Ukurasa wa mia na themanini, Kifungu cha arobaini na nne, nikakikuta. Nikakipeleka moja kwa moja kwa Shangazi Kidawa.

*

Kwetu bwana harusi haingii tu ndani kama anakwenda kununua sukari. Shangazi wa bibi harusi husimama mlangoni na wenzake, wakauziba, na hapiti mtu mpaka ada ya mlango itoke na wao wenyewe waridhike. Shangazi Kidawa amekwisha kuziba milango thelathini na moja. Wapo wanaume wazima na ndevu zao, hadi leo wakimwona sokoni wanahama upande wa barabara.

Jumamosi alivaa kanga mbili, akaweka kiti katikati ya mlango, akajaa. Kila mgeni aliyefika akaulizwa hati ya tatizo lake. Mama Sikudhani akaonyesha Nyuki zake, akapita. Mzee Ngwali akaonyesha Mfumuko wake wa Bei, akapita. Watu wakadhani ni utani mpya wa mjini.

Saa nne gari la Serikali likasimama. Akashuka Bwana Pantaleo na suti, na wasaidizi wawili na faili.

"Simama hapo hapo!" akasema Shangazi. "Nani nyinyi?"

"Serikali."

"Serikali ya upande wa bwana harusi au wa bibi harusi?"

"Sisi hatuna upande, mama."

"Basi hamkualikwa." Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta.

"Mama, nina hati ya kusimamisha shughuli hii!"

"Mimi si mama yako. Mama yako angekufundisha kubisha hodi, na kibao kimeandikwa hapo. Mimi ni mwenye mlango. Tatizo lako liko wapi?"

"Lipi?"

"La dunia! Kila mtu hapa ana lake. Lako wewe ni lipi?"

Bwana Pantaleo akacheka kidogo, akawatazama wasaidizi wake nao wakacheka. "Mimi ni mgawaji. Mgawaji hana tatizo."

"Hana!" Shangazi akawageukia wanawake. "Mmemsikia wenyewe? Kasema kwa kinywa chake, hana! Msomi, njoo usome!"

Nikapanda juu ya kinu nilichokigeuza, nikafungua kitabu. "Kifungu cha arobaini na nne. Mtu yeyote aingiaye katika kaya yenye tatizo sharti aonyeshe hati ya tatizo lake. Asiyekuwa nalo, bila kujali cheo, atakabidhiwa lililo karibu naye papo hapo, mbele ya mjumbe."

Wasaidizi wawili wakarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, mpaka wakaingia kwenye gari. Watu wote wakamtazama Mzee Mkumbukwa, aliyekuwa ameshika sahani ya pilau.

"Mkumbukwa," akasema Bwana Pantaleo kwa sauti ya chini, "unanijua mimi ni nani."

"Nakujua, Bwana Mkurugenzi." Mzee akaweka sahani chini. Akatoa leso mfukoni, akaifungua kona moja baada ya nyingine. "Lakini mimi sichanganyi mambo ya mtu na mambo ya karatasi. Karatasi inasema papo hapo." Akapuliza muhuri, haaa, akagonga hati yetu upande wa pili, penye mstari wa mpokeaji.

Mama akatoka jikoni na kipimajoto, bado cha moto. Akakifunga kwa kipande cha kanga, akamvisha Bwana Pantaleo shingoni taratibu, kama anavyovishwa mgeni rasmi shada la maua.

"Hongera," akamwambia. "Kanitunzie. Hakipendi mafuta yanayoruka."

Sasa nyumba yetu haikuwa na tatizo, na nyumba isiyo na tatizo inaoa na kuolewa popote. Bwana Pantaleo akafungua mdomo, lakini Shangazi akamwahi: "Pisha, baba, bwana harusi huyo anakuja."

Kweli Kheri alikuwa anakuja, anatoka jasho ndani ya kanzu nyeupe. Baba yake alitembea upande wa kulia wa barabara na mama yake upande wa kushoto. Walikuwa wametia saini kusimamisha mapigano kwa siku moja.

*

Bwana Pantaleo alirudi na kipimajoto chake wizarani, na mtu wa sheria akakitundika pale pale alipo mwenye tatizo: ukutani kwake, chini ya kiyoyozi.

Kilisoma nyuzi kumi na saba.

Jioni hiyo redio ikakatiza taarabu. Joto la Dunia limekwisha! Kutoka nyuzi hamsini na moja hadi kumi na saba, kwa siku moja, kwa juhudi za mtu mmoja! Bwana Pantaleo akapewa nishani. Rais akapanda ndege na wasaidizi mia na kumi kwenda kuwafundisha wakubwa wa dunia namna tulivyofanya. Tunasikia walimpigia makofi wakaenda kula.

Kwa kuwa tumeshinda, Sheria ikafutwa. Matatizo mengine yakakusanywa kwenye magunia yakapelekwa stoo ya wizara, yanasubiri mwongozo. Mzee Ngwali alirudisha Mfumuko wa Bei, ila bei zenyewe akabaki nazo. Wazazi wa Kheri waliagizwa waache mazungumzo, lakini walikwisha kuyazoea. Saa kumi wanakaa, wanajadili nani alimaliza sukari.

Juzi Mwanahawa alipiga simu kutoka huko mwisho wa nchi. Mtandao ulikuwa unakwenda na kurudi. Akasema mvua hazijanyesha toka wafike. Paa la darasa la Kheri ni bati tupu, wanawaachia watoto saa tano, maana wawili walizimia kwenye somo la kugawanya. Maji ni mwendo wa saa moja.

"Si wametangaza limekwisha?" nikamtania.

"Huku joto halina redio," akasema. Akacheka. "Msalimie Mzee Mkumbukwa. Mwulize ile fomu ya mtoto ilipatikana? Maana tutaihitaji mwezi wa saba."

Nikamweleza Mama. Alinawa mikono, akaenda chumbani, akarudi na picha ya harusi yao, Kheri na jasho lake, dada yangu na meno yote nje. Akaitundika jikoni, kwenye msumari. Akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa. Kisha akakaa kwenye kigoda kuendelea na vitumbua.

Haikupita muda nikaona kona ya chini inaanza kupinda.

"Mama, picha inajikunja kwa joto."

"Nyumba hii ina msumari mwingine?"

"Haina."

"Sasa umesimama unanitazamia nini? Toa makaa kidogo."

Nikachukua koleo, nikatoa mawili. Bila kibali.